Hita ya Gari Ikiziba: Tulivyoisafisha Uani Biharamulo



Sisi tuliokulia Unguja tukipanda gari tunaulizia kiyoyozi. Hita hatuna habari nayo mpaka uolewe bara. Huku Biharamulo asubuhi za mvua zina baridi, na mkijaa ndani ya gari vioo vimefungwa, pumzi zenu hukifunika kioo cha mbele kwa ukungu. Barabara ya Lusahunga kuelekea Ngara inapita malori ya Rwanda na Burundi. Kuendesha alfajiri, watoto nyuma, huku unafuta kioo kwa ncha ya mtandio, ni hatari.

Hita yetu ilikuwa ikitoa upepo baridi. Fundi mmoja alishauri iondolewe kwenye mzunguko wa maji kabisa. Ingekuwa rahisi, lakini ukungu ungebaki palepale. Mimi na bwana tukaamua kuisafisha wenyewe.

Hita ni rejeta ndogo nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini huingia kwa mpira mmoja na kutokea kwa mwingine, na feni hupuliza hewa kupitia hapo. Injini ikishapata moto, hita ukiiweka kwenye joto, mipira yote miwili inatakiwa iwe ya moto. Wetu mmoja ulikuwa wa moto, wa pili baridi. Aghalabu hiyo ni dalili ya kuziba. Gari linapotiwa maji ya kisima miaka nenda rudi, chumvi na kutu hujikusanya kwenye vijia vyake vyembamba.

Tuliacha injini ipoe kabisa, kwani kufungua mfuniko wa rejeta ya moto kunababua. Tukakinga kulanti kwenye beseni. Ni sumu, na utamu wake huwavuta watoto na wanyama. Tukachomoa mipira miwili, tukapitisha maji taratibu kwa kuanzia upande wa kutokea, ili uchafu urudi ulikoingilia. Usifungulie kwa nguvu, rejeta itapasuka. Yalitoka maji ya rangi ya matofali, mpaka yakawa meupe. Tukarudisha mipira, tukajaza kulanti mpya, tukawasha injini hewa itoke, macho kwenye geji ya joto. Upepo ukaja wa moto.

Bibi harusi, somo wako atakufunda mengi, ila rejeta hataigusa. Usione aibu kushika bisibisi pamoja na mumeo. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake na kuwasaidia watu wa nyumbani kwake. Tulipokuwa uani tumeinama juu ya injini tuliongea kuliko wiki nzima iliyopita.

Dua ya safari tunaisoma kila tunapoondoka. Kabla yake sasa tunakagua kulanti na kuwasha hita, kwani kutawakali huja baada ya kutimiza wajibu.

Allah awalinde njiani, awape ndoa zenye utulivu. Amin.