Kutoka Tabora hadi Ujiji na mtoto mwenye maswali

Likizo ya Desemba tulimpeleka binti yetu wa miaka tisa kwa bibi yake Tabora, tukapanga kuendelea hadi Ujiji akaone ziwa. Nilidhani ugumu ungekuwa safari ya treni. Kumbe ugumu ni maswali.

Tulianzia Kwihara, kilomita chache nje ya mji. Bajaji ilikwama kwenye tope mara mbili (kama unakwenda wakati wa mvua, vaeni viatu vya kuchafuka). Makumbusho ni tembe lililojengwa upya, vyumba vimezunguka ua. Hapo Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872, akisubiri wapagazi na mahitaji kutoka pwani.

"Mama, vitu vyake alibeba nani?"

Nikamweleza. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi: mzigo wa kilo 30 hivi begani, Tabora hadi Bagamoyo, miezi mitatu hivi kwa miguu, malipo ni vitambaa na shanga. Hapo nilijisikia fahari. Kisha ikabidi nimalizie: wengine katika njia hiyohiyo hawakulipwa, walifungwa minyororo wakaenda kuuzwa. Na si wageni peke yao waliofaidika. Baba yake Tippu Tip, mfanyabiashara maarufu wa pembe na watumwa, alioa binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Biashara ile ilikuwa imeingia hadi ukweni.

Bibi tuliyekuwa naye hakusema kitu. Alijifunga khanga upya, akasema twende, mvua inakuja.

Usiku tukapanda treni. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na inafuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa misafara. Bebeni maji, chakula na shuka. Tulipopita Uvinza, penye chumvi iliyouzwa tangu enzi hizo, mtoto alikuwa amelala.

Ujiji ni mwendo mfupi wa daladala kutoka Kigoma. Ziwa limerudi nyuma. Mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 sasa pana mnara na miembe. Ndani ya makumbusho kuna sanamu za wazungu wawili wakisalimiana. Binti yangu alizitazama muda mrefu.

"Susi yuko wapi?"

Nilikuwa nimemsimulia kwenye treni. Susi, mtumishi wa Livingstone, ndiye aliyetangulia kumlaki Stanley. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakipitia Kwihara. Sikuwa na jibu zuri la kwa nini sanamu ni mbili tu.

Jioni tulikaa ufukweni, karibu na dagaa walioanikwa, akampigia bibi yake simu. "Bibi, na sisi tulikuwa wapagazi?"

Niliweka sauti ya juu nisikie.

"Babu yake baba yangu alikwenda pwani mara mbili," bibi alisema. Akanyamaza kidogo. "Bibi yake mama yangu hakuzaliwa Unyanyembe. Aliletwa."

"Aliletwa na nani?"

"Mkirudi nitakwambia. Si jambo la simu."

Tulikata tiketi ya kurudi asubuhi yake.