Niliuita Mlima Meru "Kilimanjaro", Bibi Akaniumbua

Wadau, leo sina ubuyu wa mtu. Leo najichoma mwenyewe.

Kuna dada mmoja, jina naliacha, ana wafuasi wengi kuliko mimi na wewe na koo zetu zote. Mwaka jana alikuja Chuga kupiga picha, akanilipa elfu ishirini nimwandikie maneno ya kuweka chini ya picha. Kasimama juu ya ghorofa hapa Kaloleni asubuhi, nyuma yake mlima umetokeza wote, hauna hata wingu. Nikaandika "Nimeamka na Kilimanjaro yangu".

Nilijua kabisa ni Meru. Nauona tangu nazaliwa. Ila Kilimanjaro inauza bana, laiki zikamiminika.

Jioni nikamsomea bibi, najisifu. Bibi kazaliwa Ngarenanyuki, macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mlima wetu umeuuza shilingi ngapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka. "Wazungu walitutoa kule nikiwa mtoto. Lakini hata wao waliuita Meru."

Nilikuwa sijui. Shule tulikariri Azimio la Arusha la 1967, makumbusho yake yako hapa hapa Kaloleni, lakini ya 1951 sikumbuki kufundishwa. Nikaanza kutafuta. Kumbe mwaka huo serikali ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru kama 3,000 kutoka Ngarenanyuki, nyumba zikachomwa moto, ardhi wapewe wafugaji wa kizungu. 1952 Kirilo Japhet akaenda mpaka New York kuwasemea Wameru Umoja wa Mataifa. Mmeru, miaka hiyo, New York! Ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Baadaye yeye na mwanasheria Earle Seaton wakaandika kitabu, The Meru Land Case, kikatoka 1967, mwaka ule ule wa Azimio.

Mimi nilidhani kuandika kuhusu mazingira ni ile insha ya "faida za miti" tuliyokuwa tunapewa darasani. Miti inaleta mvua, nukta, alama kumi na tano. Kumbe ni pamoja na kusema nani aliishi wapi, alichota maji wapi, na aliondokaje. Abdulrazak Gurnah alipewa Nobel 2021, na mpaka leo anairudia Zanzibar kwenye vitabu vyake, wakati aliondoka akiwa kijana mdogo. Mimi niko hapa hapa na nimekosea jina la mlima kwa makusudi.

Nimenunua daftari la kaunta. Bibi anataja, naandika: kijito walichokuwa wanachota maji, ng'ombe waliokuwa nao, siku ile mama yake alibeba nini na aliacha nini. Akichoka tunaacha. Tumefika kurasa nne.

Juzi nikamtumia yule dada meseji, nikamwomba abadilishe jina tu, neno moja. Akajibu, "Acha bwana, nani atajua?"

Hela yake nilishakula. Picha bado ipo.