Lugha ya Nyumbani

Naamini kuwa mwalimu wa Kiingereza hapungukiwi na kitu akiiheshimu lugha ya nyumbani kwa mwanafunzi. Mtoto wa Nakalale, katika nchi ya Waturkana, huyajua maji kwanza kwa jina la ng'akipi. Neno hilo ni la wingi, kama neno maji lilivyo katika Kiswahili; Kiingereza huyaweka maji katika umoja. Akikosea hapo, hakosei kwa ujinga. Afuata sarufi ya mama yake. Zamani, katika shule nyingi za Kenya, mtoto aliyesema lugha ya kwao alivikwa kibao shingoni. Kibao kilifundisha aibu, hakikufundisha sarufi. Ningekuwa mimi mwalimu wake, ningemwambia, "Kwenu husemwa hivi, Waingereza husema vile." Asiyeionea haya lugha yake hujifunza ya pili kwa moyo mkunjufu.