Mzigo Hupimwa Kabla ya Safari

Siku tulipoonyesha kamusi yetu ya Kiswahili na Kisanga, ukumbi ulijaa. Tulikuwa wanafunzi wanne tuliokusanya maneno kwa miaka miwili, mengi kutoka kinywani mwa bibi yangu, ambaye sasa hasikii vizuri. Mhadhiri aliwaomba wenzetu 90 wa mwaka wa kwanza watoe simu na kutafuta neno lolote. Dakika ikapita, ya pili ikapita, hakuna aliyepata kitu. Mwalimu mmoja mzee akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, maneno yako wapi?" Sikuwa na jibu.

Lililoniuma ni kwamba tulikuwa tumeijaribu. Usiku uliotangulia tulitumia programu ya JMeter kutuma maombi 500, na yote yalijibiwa upesi. Tukalala kwa furaha. Baadaye nilikaa na yaya wangu, ambaye kazi yake ni kompyuta. Akaona kwamba maombi yote 500 yalikuwa ya neno moja, "mtu", tena yalitumwa moja baada ya jingine. Seva ilitafuta mara moja, kisha ikarudia jibu lililokwisha kuwa mkononi. Isitoshe, hifadhidata ya majaribio ilikuwa na maneno 300, na ile ya kweli ina zaidi ya 6,000. Tulibeba gunia tupu, tukasema tumebeba mahindi.

Yaya hakunipa programu mpya, alinipa maswali. "Mdogo wangu, watu wangapi watatafuta kwa pamoja? Kila mmoja atasoma jibu kwa muda gani kabla ya kuuliza tena? Atavumilia kungoja sekunde ngapi?" Hesabu yake inatokana na kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961. Wanafunzi 90, kila mmoja akingoja sekunde 2 na kusoma sekunde 28, hutuma kwa wastani maombi 3 kwa sekunde. Huo ni mzigo mdogo. Lakini mhadhiri aliposema "Tafuteni!", watu 90 waligonga mlango kwa mara moja. Basi ilitupasa kupima mizigo miwili: wa kawaida na wa ghafla.

Swali lililobaki lilikuwa letu wanaisimu: watu hutafuta nini? Nilifungua kumbukumbu za seva za siku ile ya aibu. Kama Zipf alivyoonyesha kuhusu maneno katika matini, machache yalirudiwa sana na mengi yalitokea mara moja tu. Tena wenzetu hawakuandika mizizi. Waliandika "wamenipigia", "hatutaelewana". Kwa neno kama hilo programu huvua viambishi kimoja kimoja na kutafuta upya kila hatua. "Mtu" ni swali jepesi. "Hatutaelewana" ni maswali mengi ndani ya moja. Nimesoma mofolojia ya Kibantu miaka mitatu, na bado niliipima kamusi ya Kibantu kwa nomino moja.

Mpango wa pili ulitosha ukurasa mmoja. Lengo: maombi 95 kati ya 100 yajibiwe ndani ya sekunde 2. Maneno: yachaguliwe kwa uwiano wa kumbukumbu zile. Mahali: seva nyingine yenye nguvu sawa na nakala kamili ya kamusi. Kisha nani aangalie kumbukumbu ya seva, nani aangalie hifadhidata, na tusimame wakati gani. Tulianza na watumiaji 10, tukapanda hadi 30, na hapo ikakwama. Sababu ikaonekana: kila kiambishi kilichovuliwa kilifungua njia mpya ya kwenda kwenye hifadhidata bila kufunga ile ya kwanza, na njia zilizoruhusiwa zilikuwa 20 tu. Tulirekebisha, tukarudia jaribio lilelile bila kubadili kitu kingine. Watumiaji 90 wakapita.

Tuliporudi ukumbini, yule mwalimu mzee aliandika neno lake. Jibu lilitokea kabla hajainua macho: neno halipo. Akacheka. "Mashine yako imeamka, mwanangu. Hili sasa kamwulize bibi yako."

Hakuna jaribio la mzigo ambalo lingenionyesha pengo hilo. Nitakwenda kwa bibi Jumamosi, na nitakaa karibu na sikio lake.