Daftari la Duka la Illasit

Mama alipofungua duka la pembejeo na dawa za mifugo hapa Illasit, mpakani mwa Kenya na Tanzania, hesabu zote zilikaa kwenye kauntabuku moja na makopo mawili ya pesa: la shilingi ya Kenya na la shilingi ya Tanzania. Wateja walitoka Rombo ya huku Kenya na ng'ambo ya mpaka, Tarakea, na kila jioni ilibidi abadilishe hesabu ya kopo la pili kwa bei ya pesa ya siku hiyo.

M-Pesa ilikuja 2007, kisha Lipa na M-Pesa mwaka 2013. Ujumbe wa simu ulituambia pesa imeingia. Haukusema imenunua nini, wala kitu hicho tulikinunua kwa bei gani.

Kilichogeuza biashara ni programu ya mauzo tuliyoweka mwaka 2023, mamlaka ya mapato, KRA, ilipotaka hata wafanyabiashara wadogo watoe ankara za kielektroniki za eTIMS. Majirani wengi waliiona kama mzigo wa kodi tu. Mimi naamini iliokoa duka letu. Kila chupa iliingizwa na bei ya kununulia, bei ya kuuzia na tarehe ya kuharibika, ndipo ukweli ukajitokeza: dawa ya kupe, tuliyojivunia kwa jinsi ilivyotoka mbio, iliacha faida kiduchu. Mbegu za nyanya na vitunguu ndizo zilizolipa kodi ya nyumba. Na rafu za juu zilijaa dawa zilizokaribia kuharibika, pesa yetu imelala pale. Tulipunguza oda za dawa hizo, tukanunua mbegu mapema kabla ya mvua za Oktoba. Zamani zilikuwa zikituishia wiki ileile watu wanapanda.

Kwenye madeni, mama alibishana na kompyuta, na alikuwa na haki. Programu iliweka rangi nyekundu kwa kila aliyepitisha siku tisini, wakiwemo wafugaji waliomalizwa na ukame ulioanza 2020. Yeye kwenye daftari alikuwa ameandika pembeni ya kila jina: huyu hulipa akiuza mbuzi, huyu akivuna nyanya. Tuliongeza safu hiyo kwenye programu. Sasa madeni hupangwa kwa misimu ya mavuno na minada, na mfugaji anayejenga kundi upya hukopeshwa dawa hata jina lake likiwa jekundu.