Taa Iliyong'olewa

Pikapu ya mjomba ilikuwa na tabia moja ya ajabu: ikienda kasi inasimama vizuri, ikienda polepole inakataa. Kwenye barabara ya kutoka Ukunda, nyuma tumejaza nazi za kupeleka Kongowea, nikikanyaga breki mwendo wa sabini inatulia kama imeambiwa. Lakini tukiteremka kuingia feri ya Likoni, mwendo wa mtu anayetembea, pale ninapobakisha hatua mbili nisimame, pedali inaupiga mguu wangu teke, chini kunanguruma, na gari linajisogezea mbele kama mita moja kabla ya kukubali.

Barabarani mita moja si kitu. Kwenye mteremko wa feri, mita moja ni mgongo wa mtu.

Asubuhi moja ya Mei, kabla jua halijatoka vizuri, ilikuwa karibu uwe mgongo wa hamali mmoja. Bampa iligonga mkokoteni wake, yeye akaruka pembeni, kisha akarudi akapiga boneti kwa kofi.

"Wewe! Shika adabu!"

Sikuwa na jibu. Shika Adabu ndiko tunakokaa, ng'ambo hii ya Likoni, na kila mtu wa kwetu ashataniwa kwa jina hilo mpaka amechoka. Siku hiyo haukuwa utani. Mikono ilinitetemeka mpaka tukafika upande wa pili.

Sisi wa Likoni hatuuchukulii mteremko ule kwa wepesi. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma kutoka juu ya feri likazama na mama na bintiye mdogo, na zilipita karibu wiki mbili kabla ya kuopolewa. Kisa changu sikifananishi na kile. Lakini aliyeona watu wamesimama ukingoni siku baada ya siku wakitazama maji, hakanyagi breki pale bila kukumbuka.

Jioni nikamwambia mjomba.

"Breki ni nzima," akasema. "Fundi aliangalia mwezi wa pili. Taa ilikuwa yawaka, akaizima."

"Aliizima vipi?"

"Mimi nitajuaje? Yeye ndiye fundi."

Nikaenda kufungua ufunguo bila kupiga stata. Taa ya oili ikawaka, ya betri ikawaka, ya hendibreki ikawaka. Mahali pa taa ya ABS palibaki giza. Taa hiyo ikiwa nzima huwaka ukifungua ufunguo, ikae sekunde chache, halafu izime. Isiyowaka kabisa haijapona. Nikafungua dashibodi, nikakuta tundu tupu. Fundi alikuwa ameng'oa balbu, akalipwa shilingi mia tatu.

"Alitaka elfu kumi na mbili atafute sensa," mjomba akanieleza. "Nkamwambia hizo ni za karo ya kijana."

Kijana ni mimi. Nilifika mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme, chuo kimoja Nairobi, madeni ya karo yakanirudisha nyumbani. Nikasema nimeahirisha mwaka mmoja tu. Mjomba akaanza kuweka mia tano kila safari kwenye mkebe wa maziwa, nirudi Septemba. Asichojua ni kwamba tangu Januari nilikuwa nimeshaamua sirudi. Nilikuwa naandika makala za kulipwa usiku, mchana naendesha pikapu, na kila akitingisha ule mkebe ninacheka naye.

Sasa nikaona hesabu yote. Sensa haikununuliwa kwa sababu ya karo, na karo yenyewe haikuwa na wa kulipiwa. Kati ya uongo wangu na mgongo wa yule hamali palikuwa na mita moja.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Ulianza kwenye ndege, na mwaka 1978 kampuni ya Bosch ikatoa wa elektroniki kwa magari ya Mercedes-Benz. Kwenye gari kama letu, gurudumu lina pete ya meno, na kando yake sensa yenye sumaku inayohesabu meno yakipita. Gurudumu likijifunga na kuanza kuburuzwa, kompyuta inalegeza breki yake na kuibana tena, mara nyingi kwa sekunde moja, ili usukani uendelee kukusikia. Tatizo ni kwamba ishara ya sensa za aina hii hupungua mwendo ukipungua. Ikiwa dhaifu tangu mwanzo, karibu na kusimama inapotea kabisa. Kompyuta inadhani gurudumu limejifunga, inalegeza breki wakati wa kubana.

Ikigundua kosa, ABS hujizima na kuwasha taa, ukabaki na breki za kawaida. Kwa hiyo safari nyingine tulikuwa na ABS mbovu, safari nyingine hatuna kabisa, na hapakuwa na wa kutuambia ipi ni ipi.

Nilianza na yaliyo rahisi. Mafuta ya breki yalikuwa yamejaa. Fyuzi nzima. Nikanunua balbu nikairudisha mahali pake. Pikapu ya umri ule unaweza kuiuliza kwa kipande cha waya: unaunganisha matundu mawili ya soketi ya uchunguzi, yale yaliyoonyeshwa kwenye kitabu chake, unafungua ufunguo, na taa inakujibu kwa kupepesa. Ikapepesa mara tatu, ikapumzika, ikapepesa mara mbili. Thelathini na mbili. Kitabu kikasema: sensa ya mbele kushoto.

Balbu ile iliyotupwa ndiyo ingetuambia yote haya tangu mwezi wa pili.

Sikukimbilia kununua sensa. Nilipandisha gari kwa jeki, nikaweka stendi, nikachomoa plagi, nikatoa mita niliyonunua mwaka wa kwanza chuoni. Kushoto na kulia zilisoma karibu sawa, juu kidogo ya omu elfu moja, yaani waya wa ndani haujakatika. Kisha nikazungusha magurudumu kwa mkono nikipima volti. Kulia zilipanda vizuri. Kushoto hazikufika hata nusu. Sensa ilikuwa nzima, ila imekaa mbali na pete.

Bolti yake ilikuwa imeshikwa na kutu. Nikaimwagia dizeli, nikaiacha ilale. Asubuhi ikakubali, na chini ya sensa nikakuta magamba ya kutu yameiinua, ncha yake imeota ndevu za vumbi la chuma. Huu upepo wetu wa chumvi hausamehi chuma. Nikasugua kwa msasa, nikafuta, nikapaka grisi kidogo, nikafunga. Gharama yote haikufika shilingi mia mbili.

Tukaijaribu uwanjani watoto wakiwa shule. Mara kumi nilisimama polepole, na pedali haikunipiga teke hata mara moja. Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

"Waona? Elimu si bure. Septemba warudi ukamalize."

Nikazima injini.

"Mjomba, sirudi. Niliamua tangu Januari."

Hakusema kitu. Aliangalia mikono yangu yenye grisi, kisha akaangalia mbele.

"Na mkebe?"

"Ulikuwa wa karo. Ungekuwa wa gari, yule mtu wa mkokoteni nisingemgonga."

"Kwa hivyo mimi nimeendesha gari bovu miezi mitatu kwa ajili ya mtu asiyesoma."

"Ndiyo."

Akashuka, akaenda nyumbani kwa miguu. Siku mbili hakunisemesha, na nazi tulipakia kimya kama watu waliokodiwa. Siku ya tatu alikuja na mkebe, akauweka kwenye kiti kati yetu.

"Matairi ya nyuma yamekwisha," akasema. "Zikibaki, tutaweka pedi mpya. Wewe nitakukata kwenye safari zako."

Sijui kama amenisamehe. Ninachojua ni kwamba sasa haondoki bila kuhakikisha. Alfajiri, kabla ya stata, ananiambia nifungue ufunguo, anainama karibu na dashibodi na kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Ikiwaka na kuzima, ndipo tunaenda feri.