Kiti cha Katibu: Mwalimu Mkuu katika Kamati ya Shule

Ndugu mwanachuo, yapo mambo mawili ambayo mwalimu hukabidhiwa bila ya kuyaomba, nayo ni chaki na mikutano. Kuhusu chaki vyuo vyetu hufundisha mengi, na kurasa za jarida hili zimeshughulika nayo miaka mingi. Kuhusu mikutano husemwa machache mno, ilhali wengi wenu, kabla mvi hazijaota, mtaitwa walimu wakuu. Siku hiyo mtajikuta mmekwisha kuwa makatibu wa kamati za shule, bila ya mtu kuwauliza kama mnataka. Juu ya kiti hicho cha ukatibu ndipo tunapotaka kusema maneno kadhaa.

Sisi tulipata kufundisha katika shule moja ya msingi ya Kata ya Buganguzi, Wilaya ya Muleba, katika mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, na sasa waitwa Kagera. Hatukuwa mwalimu mkuu. Walimu wenzetu walituchagua tuwawakilishe katika kamati, na kwa hiyo tuliketi meza moja na katibu kwa muda wa kutosha, tukawa na wasaa wa kumtazama. Yeye alikuwa amekaa pale kwa wadhifa wake. Sisi tulikuwa tumekaa kwa kura. Tofauti hiyo mwanzoni tuliiona kuwa ndogo. Kadiri mikutano ilivyozidi tuliona kuwa ndiyo kiini cha mambo yote.

Mtu huingia barazani kwa mojawapo ya milango mitatu. Mmoja huchaguliwa, na waliomchagua wanaweza kumnyima kura safari ijayo. Wa pili huteuliwa na mkubwa fulani, na mkubwa huyo anaweza kumwondoa. Wa tatu humo barazani kwa sababu tu anashika kazi nyingine, na maadamu anaishika kazi hiyo, kiti ni chake. Akihamishwa, kiti hubaki na kumngoja atakayekuja. Hasa ni cheo kilichoketi; mtu amekiazima tu.

Jambo hili si la shuleni peke yake. Kabla ya utemi kufutwa katika Tanganyika mwaka 1963, Abakama wa Buhaya walikuwa wakiketi pamoja katika baraza la Bukoba. Hakuna aliyewapigia kura, utemi wenyewe ndio uliokuwa tikiti. Katika Bunge la enzi za chama kimoja wakuu wa mikoa walikuwa wabunge kwa sababu ni wakuu wa mikoa. Hayo yamepita. Lakini hata leo Katiba yetu yasema kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni mbunge kutokana na wadhifa wake. Na jambo la kuvutia zaidi ni hili: huyo huyo huhudhuria mikutano ya Baraza la Mawaziri akiwa na haki zote za mjumbe isipokuwa haki ya kupiga kura. Aweza kushauri, kuonya na kubisha, lakini mkono wake hauhesabiwi. Wamarekani nao wana mfano wao: Makamu wa Rais ndiye Rais wa Baraza la Seneti, lakini hapigi kura ila pale kura za maseneta zinapokuwa sawasawa.

Tukirudi nyumbani, Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 iliipa kamati ya shule mahali pake katika uendeshaji wa shule ya msingi. Kwa miaka mingi kamati hizo zilikuwa na kazi ya kujenga nyumba za walimu, kusimamia shamba la shule na kuwahimiza wazazi waandikishe watoto, hasa baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote kuanza mwaka 1977. Ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa mwaka 2002 hadi 2006, mambo yalibadilika: fedha zikaanza kufika shuleni zenyewe, na kamati ikatakiwa kupanga matumizi, kusimamia ujenzi wa madarasa na kuwaeleza wanakijiji hesabu. Mwenyekiti ni mzazi. Katibu ni mwalimu mkuu. Tangu hapo kiti cha katibu, ambacho zamani kilikuwa cha kuandika barua na kupanga viti, kimekuwa kiti chenye uzito.

Uzito huo watoka wapi? Katibu ndiye anayezijua nyaraka. Ndiye anayejua fedha zimeingia lini na zimekusudiwa nini. Yeye huandika ajenda, na mwandika ajenda huchagua nusu ya yatakayosemwa. Aghalabu ndiye msomi kuliko wengi mezani, na wajumbe kadhaa walipata kufundishwa na mwalimu aliyemtangulia, hivyo bado humwogopa mwalimu kama walivyokuwa Darasa la III. Tena haondoki kwa kura yao. Mwenyekiti asiyependwa hubadilishwa. Katibu asiyependwa huvumiliwa mpaka wakubwa wamhamishe. Mtu wa namna hiyo akitaka kuigeuza kamati kuwa muhuri wake, hapana jambo jepesi kuliko hilo.

Tumeliona. Katika shule nyingine, ambayo hatutaitaja wala kusema iko wilaya gani, katibu aliandika muhtasari wa kikao kabla ya kikao, kisha akamtuma mtoto aupeleke nyumba kwa nyumba utiwe sahihi. Wajumbe walitia. Mmoja alituambia kuwa hakuona haja ya kusoma kwa kuwa mwalimu ni mtu wa serikali. Mwalimu yule alipohamishwa, aliyemrithi alitafuta daftari la mihtasari asilione, na kwa mwaka mzima hakuweza kuwajibu wazazi waliouliza mabati yao yalikwenda wapi. Kiti kilibaki, lakini kumbukumbu za kiti zilikuwa zimeondoka na mizigo.

Hata hivyo tusije tukadhani kuwa dawa ni katibu kunyamaza. Katibu bubu naye ni hasara, kwani kamati itaamua gizani.

Katibu wetu wa Buganguzi alijaribiwa katika jambo la chakula cha mchana. Ilikuwa baada ya Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima katika elimu ya msingi kuanzia Januari 2016. Watoto wengi walitoka mbali, wakapita vibanjani asubuhi na mapema tumbo likiwa tupu, na baada ya saa sita masomo yalikuwa hayaingii tena. Kamati ilikubaliana kwamba wazazi walete mahindi, maharage na kuni. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulianza mjumbe mmoja aliposema kuwa mtoto ambaye mzazi wake hajaleta arudishwe nyumbani, mpaka alete. Vichwa vingi vikaitika. Kwa haki yao, wajumbe hawa hawakuwa wakatili. Walikuwa wamechoka kuwalishia majirani wasiotaka kutoa.

Katibu akainuka akasema kuwa jambo hilo haliruhusiwi. Mzee mmoja, mkulima wa kahawa, akamwuliza kwa upole: “Waitu Mwalimu, hilo ulilosema limetoka kwako, au limetoka Muleba?”

Swali hilo, ndugu mwanachuo, tungependa ulikate na kulibandika juu ya meza yako. Mzee aliona kile ambacho vitabu vingi vya uongozi huzungukazunguka bila kukitaja: kwamba mtu aliyeketi kwa wadhifa ana vinywa viwili. Kwa kimoja husema mwajiri wake. Kwa kingine husema mwalimu mwenyewe, mwenye macho na moyo na miaka yake ya kazi. Wasikilizaji wana haki ya kujua ni kinywa kipi kinachosema.

Katibu akajibu: “Limetoka serikalini, nami nimetumwa kulileta. Langu mwenyewe nitalisema baadaye, mkiniruhusu.” Akausoma waraka, taratibu, akafafanua maneno magumu kwa Kihaya. Kisha akaketi. Mwenyekiti alipompa tena nafasi, akasema lake: kwamba mtoto anayerudishwa kwa sababu ya debe la mahindi amekosa chakula na amekosa somo, na kosa si lake. Hakuongeza neno. Wajumbe wakajadiliana bila yeye kwa muda mrefu, pengine saa nzima. Mwishowe wakaamua kuwa mchango uwe wa hiari, orodha ashike mwenyekiti wala si mwalimu wa darasa, asiye na mahindi alete kuni au aje kuchota maji, na hapana mtoto atakayerudishwa.

Hatutaki kukudanganya kuwa baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Mahindi yaliyoletwa hayakufika nusu ya yaliyotakiwa, na muhula ule waliokula ni Darasa la IV na la VII tu, walioukabili mtihani. Wadogo walitazama. Uamuzi ulikuwa halali, na bado njaa ilikuwapo.

Lakini tazama muhtasari wa kikao kile, ambao sisi tuliusoma baadaye. Pendekezo la kuwarudisha watoto liliandikwa, ingawa lilishindwa. Ushauri wa katibu uliandikwa kwa maneno haya tu: katibu aliieleza kamati maagizo ya waraka. Maoni yake binafsi yaliandikwa mbali na hayo, kama yalivyoandikwa ya wajumbe wengine. Angeweza kuandika kuwa kamati yote ilikubaliana naye tangu mwanzo, na Muleba wangemsifu. Hakufanya hivyo. Na lau kamati ingeamua kinyume cha waraka? Tunaamini angeandika uamuzi kama ulivyokuwa, akaandika na onyo lake, kisha akapeleka habari kwa waliomwajiri, tena kwa kuwaambia wajumbe kwamba anapeleka. Kificho ndicho kinachoua kiti hiki.

Kuhusu namna ya kuandika hatuna mengi. Waliohudhuria, wasiohudhuria, akidi, yatokanayo, ajenda, uamuzi, mengineyo. Andika siku ile ile. Soma muhtasari uliopita kwa sauti kabla ya kuanza mpya, kwa maana wapo wajumbe wasiosoma vizuri na hawatakuambia.

Sasa tugeukie darasani, kwa kuwa mambo haya yafaa kufundishwa watoto pia, na somo la uraia huyapa nafasi. Kosa la kawaida ni kuanzia juu, kwa Rais na Bunge, na kuwakaririsha watoto orodha. Sisi tulianzia kijijini. Tuliwaambia watoto wa Darasa la V waende wakaulize ni nani wanaokaa katika Halmashauri ya Kijiji, lakini wasilete majina ya watu. Walete majina ya kazi. Kesho yake wakaleta: mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji, wajumbe wengine wanaume na wanawake, na Afisa Mtendaji ambaye ni katibu. Tukachora meza kubwa uwanjani kwa kijiti. Kila mjumbe aliyeingia kwa kura akawekewa kijiwe. Kila aliyeingia kwa wadhifa akawekewa buni. Vijiwe na buni havina gharama Buganguzi.

Mtendaji akapata buni mara moja. Mwenyekiti wa kijiji akapata kijiwe. Walipofika kwa mwenyekiti wa kitongoji darasa likagawanyika. Kundi moja likasema ni kijiwe, kwa kuwa watu wa kitongoji walimpigia kura. Kundi la pili likasema la, walimpigia awe mwenyekiti wa kitongoji, na katika Halmashauri ya Kijiji ameingia kwa sababu ya uenyekiti huo, kwa hiyo ni buni. Tuliwaacha wabishane karibu nusu ya kipindi, maana hoja zote mbili zilikuwa za kweli. Mwisho mtoto mmoja akaweka kijiwe na buni pamoja, na hapakuwa na haja ya sisi kusahihisha. Kutoka hapo tulipanda ngazi bila ya shida: mwenyekiti wa kijiji huingia katika Kamati ya Maendeleo ya Kata kwa uenyekiti wake, Diwani akiiongoza na Mtendaji wa Kata akiwa katibu, Diwani huketi katika Halmashauri ya Wilaya, na mbunge wa jimbo humkuta huko huko. Watoto waliona wenyewe kuwa viti vingi vya juu vimetundikwa kwenye viti vya chini.

Mwisho tukachora meza ya kamati ya shule yao. Buni ikawekwa kwa mwalimu mkuu, kijiwe kwetu. Msichana mmoja akauliza: mwalimu mkuu akiugua, buni yake anaishika nani? Tukamjibu kuwa anayekaimu kazi yake hukaimu na kiti chake. Akauliza tena: na yule anayekaimu, akiwa ana neno lake mwenyewe, atalisema kama nani? Wenzake wakacheka. Sisi tukaliandika swali ubaoni, likawa kazi ya nyumbani.